Fisi Alipolamba Jembe la Moto

Mwaka ule mvua za vuli zilipita juu ya Bonde la Msiliwa bila hata kusalimu, na za masika zikafuata mwenendo wa dada zao. Maji yote ya bonde yaliisha, isipokuwa yale ya Kinu cha Ngiri. Kinu hicho hakikuwa kinu. Kilikuwa shimo la duara katikati ya mwamba, na kiliitwa hivyo kwa sababu Ngiri ndiye aliyekigundua, siku alipotumbukia ndani yake akimkimbia adui ambaye hakuwapo.

Mfalme wa bonde alikuwa Simba, naye alipenda kutoa uamuzi kabla jambo halijaelezwa. Aliamua kwamba kila mnyama apate kata moja ya maji kila asubuhi, na kwamba Kinu kiwekewe mlinzi.

"Nani anaitaka kazi hiyo?" aliuliza.

Fisi aliinua mkono. Wanyama walicheka mpaka wengine wakakohoa.

Sungura hakuinua mkono. Aliinamisha masikio tu, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni kiumbe dhaifu, hastahili heshima kubwa kama ile, na kwamba kama Mfalme angemlazimisha, basi angelia. Simba akamlazimisha. Sungura akalia kidogo, akachukua kata.

Haukupita muda mrefu kabla maji hayajaanza kupungua kwa namna isiyoeleweka. Wanyama walipewa kata zao, wakaenda zao, na kesho yake wakakuta maji yameshuka kuliko walivyoyaacha.

"Ni jua," Sungura aliwaeleza, akisimama juu ya mwamba kama mwalimu. "Ndugu zangu, maji yana hali tatu. Yakishikwa na baridi kali huwa magumu kama jiwe. Waulizeni mbayuwayu waliofika kilele cha mlima, watawaambia. Yakiwa kama haya yetu, hutiririka na kufuata umbo la chombo. Yakipata joto, huwa mvuke, nao hupanda angani wala hamuuoni. Jua linayanywa maji yenu, nami sina mkono mrefu wa kulipiga kofi."

"Hilo nilikuwa nalijua," alisema Simba, ambaye alikuwa amelisikia kwa mara ya kwanza.

Wote waliridhika isipokuwa Kobe. Kobe hakuwa na haraka ya kuridhika, kama asivyokuwa na haraka ya jambo lolote. Alichukua bakuli la udongo, akatia maji yake ya siku ile badala ya kuyanywa, akaliweka juu ya mwamba uleule, kando ya Kinu, mahali panapopigwa na jua lilelile. Kisha akakaa. Kazi ya kukaa mahali pamoja tangu asubuhi hadi asubuhi ilimfaa sana, isipokuwa machweo yalipofika alijifungia ndani ya gamba lake akalala.

Asubuhi alitazama bakuli, akatazama Kinu, halafu akaenda mbele ya Simba.

"Mfalme, Bwana Sungura amesema kweli," alisema. "Jua linakunywa. Katika bakuli langu limekunywa upana wa ukucha. Lakini katika Kinu maji yameshuka shubiri nzima. Jua lina kiu, Mfalme, ila halina kata. Hulamba juu juu tu."

Sungura alijikuna shingo. Uongo wake ulikuwa umejengwa juu ya ukweli, na ukweli ulikuwa umeishia njiani.

"Nashukuru, Mzee Kobe," alisema. "Umeniondolea mzigo. Mimi nilikuwa nalisingizia jua kwa sababu niliona haya kumtaja jirani. Sasa acha niseme. Mwizi yupo, na nyayo zake ziko pale kwenye tope. Ni za Fisi."

"Nyayo zangu pia zipo pale," alisema Ngiri. "Sote hufika kuchukua maji."

"Ndiyo, lakini wewe, Bwana Ngiri, ni nani aliyewahi kukuita mlafi?"

Wanyama waligeuka wakamtazama Fisi, na kila mmoja alikumbuka kitu chake kilichowahi kupotea. Fisi aliruka.

"Mimi? Niibe maji?" alipiga kelele. "Yana mfupa gani ndani yake?"

Jibu hilo halikumsaidia. Simba alinyoosha mkono kuelekea magharibi, kwenye Tambarare ya Shura, ambako ardhi ni nyeupe kwa chumvi na hakuna hata umande. Mbuni mmoja aliyewahi kuivuka alirudi akiwa amekonda, mwili wote umelingana na shingo.

"Ikithibitika, Fisi," alisema Simba, "wewe na nyumba yako mtahamia kule. Leo hii fungeni mizigo, ili kesho tusipoteze wakati."

Mke wa Fisi alikuwa amesimama nyuma na watoto wake wawili, ambao walikuwa ndio kwanza wameachishwa ziwa. Alisogea mbele, akapiga magoti.

"Mfalme wangu, huyu mume wangu ni mlafi, sikatai. Siku ya harusi yetu alikula ngozi ya ngoma, ngoma yenyewe ikiwa bado inapigwa. Lakini maji hayatafunwi, baba. Na hawa watoto hawataiona hata nusu ya hiyo tambarare. Tupe kiapo."

Kulikuwa na desturi ya kiapo katika bonde lile, nayo iliitwa Kiapo cha Jembe. Jembe lenyewe wanyama waliliokota zamani katika shamba lililohamwa na wanadamu, na hawakuwahi kulilimia. Sheria yake ilikuwa fupi. Mshtakiwa hulamba chuma chenye moto mara moja. Akiungua, ndiye mwizi. Asipoungua, mshtaki naye hulamba chuma kilekile, papo hapo.

"Unakubali, Sungura?" aliuliza Simba.

Sungura alifikiri kidogo. Ni ulimi gani katika dunia hii ungelamba chuma chekundu usiungue?

"Nakubali kwa moyo wote," alisema. "Hata moto nitauwasha mwenyewe."

Akauwasha kweli. Alfajiri, kabla jua halijatoka, alikuwa ameshalundika kuni za mgunga, ameshaliingiza jembe ndani ya makaa, mpini ukibaki nje, naye anapepea kwa upepeo wa ukindu. Alipepea mpaka chuma kikawa chekundu kama jicho la mlevi. Wanyama wakajipanga kuzunguka moto. Asubuhi ilikuwa na baridi, na Simba, aliyekaa kwenye jiwe lake hatua kadhaa kutoka motoni, alilalamika kwamba uso wake unaungua na mgongo wake unaganda.

Lakini Fisi hakuonekana. Ngiri alitumwa pangoni, akarudi peke yake.

"Anasema anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Anasema atajua baadaye."

Sungura hakutaka kiapo kiahirishwe. Alikwenda nyuma ya jiwe la Simba, akaokota mfupa mkubwa wa zamani. Mfupa huo ulikuwa wa nani, haikuwa adabu kuuliza. Akautundika juu ya makaa kwa tawi lenye panda. Uboho ndani yake ulikuwa mgumu kama nta. Punde ukalainika, ukayeyuka, ukaanza kudondoka tone kwa tone katika makaa, na kila tone likageuka moshi. Na kwa kuwa hewa iliyopashwa moto haikai chini na wenzake bali hupanda juu, moshi ule ulinyanyuka mpaka ukapita vilele vya vichaka, upepo ukaupokea, ukaupeleka moja kwa moja upande wa pango la Fisi.

Fisi alikuja. Alikuja macho yamefumbwa na pua imetangulia, akijikwaa kila jiwe. Mate yalimtoka pande zote mbili za mdomo, yakachora mistari miwili mavumbini tangu mlangoni kwake.

"Karibu, mjomba," alisema Sungura. "Lamba jembe kwanza, mfupa baadaye."

"Wote?"

"Wote, mjomba. Na sisi tutageuka upande ule, usione haya."

Ngiri alilishika jembe kwenye mpini, akalitoa motoni. Joto lake liliwafikia hata waliokuwa safu ya pili. Mke wa Fisi, akiwa na kifurushi kichwani, aliwaziba watoto macho kwa mikono miwili, na kwa kuwa hakubaki na mkono wa kujiziba yeye, aligeuza uso.

Fisi hakulitazama jembe. Alitazama mfupa. Tone jingine la uboho lilidondoka, likachemka, na kinywa chake kikafurika kama mtungi uliojazwa na mtu asiyeangalia. Akatoa ulimi, mrefu, mwororo, unaochuruzika, akaupitisha juu ya chuma chekundu.

*Chwaaa!*

Wingu jeupe lilifumuka, likamfunika kichwa chote. Wanyama walifumba macho. Walipoyafumbua, wingu lilikuwa limeondoka, na Fisi alikuwa amesimama palepale akijilamba midomo kama anayetafakari.

"Halina chumvi," alisema. "Mfupa uko wapi?"

Simba aliteremka kutoka kwenye jiwe lake. Akamshika Fisi taya, akamfungua mdomo, akachungulia kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote mwenye pua angependa. Ulimi ulikuwa mwekundu wa kawaida, hauna lengelenge wala doa.

"Mzima," alisema. "Hilo nilikuwa nalijua."

Mke wa Fisi aliketi chini ghafla, kifurushi kikamwangukia mapajani.

"Mzee Kobe," Ngiri aliuliza, jembe likiwa bado mkononi, "imekuwaje?"

"Ni mate," alisema Kobe. "Yalikuwa mengi, nayo yalitangulia. Yalipogusa chuma yaligeuka mvuke mara moja, na mvuke ule ukatandikwa katikati kama mkeka. Chuma kimeugusa mkeka, hakikuugusa ulimi. Kama Bwana Sungura asingechoma mfupa, mwenzetu angekuja hapa na kinywa kikavu kwa woga, na sasa tungekuwa tunamfungia kidonda. Tamaa yake tunayomcheka ndiyo iliyomtandikia."

Wanyama walimgeukia Sungura, na Ngiri akamsogezea jembe.

"Zamu ya mshtaki."

Sungura alikuwa amesikia vizuri yale ya mate. Alikusanya mashavu, akavuta, akatafuta kila pembe ya kinywa chake. Hakupata hata tone. Alikuwa amekunywa maji kuliko mnyama yeyote bondeni, na kinywa chake kilikuwa kikavu kuliko vinywa vyote. Akautazama mfupa, lakini mfupa haumwambii kitu mla majani. Akajaribu kufikiria kunde changa, mbichi, zenye umande. Kwa bahati mbaya alizijua kunde hizo zilipo na zinavyonyweshwa, na kuzifikiria kukamkausha zaidi.

"Ndugu zangu," alisema, "sheria inasema jembe, haikusema sehemu gani. Mpini nao ni wa jembe, na ulikuwa kwenye moto uleule, kwa muda uleule. Mimi nitalamba mpini."

"Mpini huu?" alisema Ngiri. "Nimeushika tangu tulipoanza, na kiganja changu kizima. Joto hupita kwenye chuma mbio mbio. Kwenye mti hujikokota kama mzee anayepanda mlima. Sheria inasema chuma. Lamba pale ninapopaogopa mimi."

Wanyama walicheka. Sungura naye alicheka, maana akili yake ilikuwa imeshapata mlango mwingine.

"Sawa kabisa, Bwana Ngiri. Lakini mwenye kuapa huomba kwanza kwa wazee wake. Au mnataka niape kama asiye na kwao?"

Hapo hakuna aliyeweza kumkatalia. Sungura akafumba jicho moja, na lile jingine akaliacha wazi kidogo kulitazama jembe.

"Nakuomba wewe babu yangu Kititi Mrukaji," alianza. "Nakuomba na baba yake, Masikio Marefu wa Kwanza, na baba yake huyo, Masikio Marefu Zaidi. Nakuomba bibi yangu Mkia Haupo, na dada zake saba, ambao majina yao nitayataja kwa mpangilio wa kuzaliwa…"

Akayataja. Alipomaliza dada za bibi akaingia kwa wajomba. Chuma mkononi mwa Ngiri kilitoka kwenye wekundu wa jicho la mlevi kikaingia wekundu wa tofali, kisha rangi ya kutu. Alipofika kwa mashemeji wa upande wa mama, wekundu wote ulikuwa umetoka, na jembe lilikuwa jeusi, limetulia, kama siku lilipookotwa shambani. Sungura akafumbua macho yote mawili.

"Amina," alisema. "Niko tayari."

"Ngoja," alisema Kobe. "Bwana Sungura, mimi nimekaa hapa mbali, jembe halijanigusa, na bado nasikia joto lake usoni kama niko mbele ya mlango wa tanuri. Chuma kimeacha kuonyesha, hakijaacha kuwa nalo. Usiamini rangi."

"Mzee wangu," Sungura alijibu kwa upole wa mtu aliyeshinda, "wewe ni mjuzi wa bakuli. Mambo ya moto tuachie tuliouwasha. Kaa jekundu ni moto, kaa jeusi ni baridi. Hata mtoto wa panya anajua. Hili limekufa."

"Nimesema," alisema Kobe, akarudisha kichwa ndani ya gamba.

Sungura aliwageukia watazamaji, akainama kidogo kama mchezaji ngoma anayeanza. Akatoa ulimi wake mkavu, akaulaza wote juu ya chuma cheusi, kwa madaha, ili hata waliokaa nyuma waone.

Safari hii hapakuwa na wingu. Palikuwa na sauti ndogo tu, kama ya jani kavu linalokanyagwa, halafu palikuwa na Sungura hewani. Aliruka juu ya moto, akaruka juu ya Ngiri, akatua mbele ya Simba, ulimi nje, umevimba kama kiazi.

"Thimo!" alilia. "Thimo la muhanga! Maji yako kwenye thimo la muhanga! Nithamehe, Mfalme!"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza bado.

Sungura wa bonde lile hawachimbi mashimo, na muhanga, ambaye huchimba, alikuwa amehama tangu mwanzo wa ukame. Wanyama walikwenda kwenye shimo lake, nyuma ya kichuguu, wakalikuta limejaa vibuyu vya maji, vimefunikwa vizuri kwa majani mabichi ili visipate joto. Na nyuma ya shimo, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kupita, palikuwa na kitalu cha kunde kilichostawi, kijani kibichi katikati ya nchi iliyokauka kama ubao.

Ngiri alikitazama kitalu.

"Kwa hiyo," alisema, "tulikuwa tunakonda sisi ili zinenepe kunde."

Simba alitaka kunguruma, lakini alikumbuka kwamba ni yeye aliyemlazimisha Sungura kuwa mlinzi, na kwamba jana yake alimwamuru mke wa Fisi afunge mizigo kabla ya kiapo. Akakohoa. Akamwendea yule mama, akainama, jambo ambalo bonde halijawahi kuliona, akafungua fundo la kifurushi kwa kucha zake mwenyewe.

"Rudini nyumbani, mama," alisema. Safari hii hakusema kwamba alikuwa analijua.

Maji yalirudishwa Kinuni, kibuyu baada ya kibuyu. Kunde zikagawanywa, na watoto wa Fisi walizionja wakazitema, kwa sababu hazikuwa na mfupa. Sungura akahukumiwa kukusanya matawi kila alfajiri na kukifunika Kinu, ili jua lisipate hata ule upana wa ukucha wake, mpaka mvua itakaporudi. Kata akapewa Kobe, ambaye anagawa polepole kiasi kwamba wa mwisho kwenye mstari hupata maji yake ya asubuhi mchana. Lakini huyapata yote.

Siku hiyo nzima Sungura alizunguka bondeni akiwa ameutoa ulimi, ili upepo upunguze joto lake. Alipita kwa kila jirani, akasimama mbele yake kwa muda, akimwonyesha ulimi na kungoja. Alipita kwa Pundamilia, akasimama. Alipita kwa Ngiri, akasimama. Walimtazama, wakaendelea na kazi zao. Jioni alifika kwenye pango la Fisi, akasimama mlangoni, macho yamemjaa machozi. Fisi alikuwa na moyo mwepesi, na tumbo lake lilikuwa limeshiba kwa mara ya kwanza mwaka ule. Akautoa mfupa mdomoni, akafungua kinywa ili aseme neno ambalo kila jirani humwambia mwenzake aliyeumia.

Mkewe akamrudishia mfupa mdomoni.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.